Gonga Moja Rudi, Gonga Mbili Simama

Jenereta ikiugua, Mzee Dira hakuanza kwa kuifungua. Aliagiza iwashwe, akachuchumaa kando yake, akafumba macho na kutega sikio, huku wenye mali wamemzunguka kimya kama ndugu wa mgonjwa. Baada ya muda alisema neno moja tu: "Kabureta." Au: "Plagi." Au, kama muungurumo ulikuwa unapanda na kushuka kama mtu anayelalamika usingizini, "Mmeinywesha petroli iliyolala." Hapo ndipo alipoomba bisibisi. Mara chache alikosea, na alipokosea alicheka yeye kwanza, jambo lililowanyima wenzake nafasi ya kumcheka.

Jina la Dira alipewa kambini. Kwa watu wenye magari ya kulala, yale yenye kitanda, jiko na kabati humo humo ndani, ambayo leo huegeshwa kando ya ziwa na kesho chini ya mlima, mambo yanayowaumiza kichwa ni umeme na njia. Mzee huyu aliyajua yote mawili. Ujana wake na utu uzima wake vilikwisha katika kampuni ya simu, akizunguka na gari kutoka mnara hadi mnara, milimani na nyikani, kuhudumia jenereta zinazoendesha mitambo. Aliposikia kwamba kampuni inayauza magari yake makuukuu, alilichukua lile lile alilolizoea, gari refu jeupe lenye mlango wa kusukuma ubavuni. Aling'oa rafu za spana, akaweka kitanda, jiko la gesi, friji ndogo na dirisha la paa. Nyuma kabisa, nje, alichomelea kitako cha chuma, na juu yake akaifunga jenereta yake ya kubebeka kwa bolti na mpira wa kuzuia mtikisiko.

Mkewe, ambaye watu walimwita Bibi Cherehani, alishona mapazia, kisha akashona na ya majirani. Kila walipotia nanga, watu walimletea vifuniko vya magodoro na vitambaa vya kivuli vilivyochanika, naye akateremsha meza ya kukunja, akachomeka cherehani yake ya umeme na kuanza. Mumewe alipenda kumtania kwamba jenereta ikizimwa na yeye huzimika.

"Afadhali mimi nazimika," Bibi Cherehani alimjibu. "Wewe huna hata swichi."

Ndani ya gari hilo kila kitu kilikuwa na ndoano yake: sufuria, taulo, taa, hata miwani. Mmoja akitaka kupita, mwingine hukaa kitandani na kuinua miguu. Waliishi hivyo miaka mingi, wameachana na nyumba ya kupanga, wamemwachia binti yao makochi na kabati la vyombo. Mzee Dira aliamini kwamba mkewe hakuwa amechoka. Aliamini hivyo kwa sababu hakuwahi kumuuliza.

Na kulikuwa na mtu wa tatu garini. Kifaa cha GPS kilichobandikwa juu ya dashibodi kilisema kwa sauti ya mwanamke mpole asiyeghadhibika kamwe. Bibi Cherehani alimwita mke mwenza.

"Mwenzangu akisema kulia, unakata kulia papo hapo," alilalamika siku moja mbele ya watu, nao wakaangua kicheko. "Mimi nikisema chumvi imekwisha, unataka ushahidi."

Kifaa hicho ndicho kilichompa mzee sifa kubwa kuliko hata jenereta. Wenzake walitumia ramani kama zilivyotoka dukani. Yeye aliongeza alama zake mwenyewe, mamia kwa mamia, na kila alama alikuwa ameipa mlio wa tahadhari. Kona kali ilikuwa na mlio wake. Daraja jembamba nalo lilikuwa na wake, na tuta, na bonde ambalo maji hukatiza barabara, na kijiji ambacho watu huanika nafaka pembeni mwa lami. Watu walikuja na vifaa vyao kuomba wahamishiwe alama hizo, wakaziita ramani ya Dira. Jamaa mmoja mnene, mwenye gari lenye bafu, alimwambia kwamba ramani yake inalia kila mahali, hata penye mbuzi.

"Mbuzi huhama," mzee alijibu. "Ndiyo maana nimemwekea alama mbili."

Walimsifu kwa uangalifu wake. Hakuna aliyejiuliza kwa nini mtu aliyeshika usukani maisha yake yote anahitaji kuambiwa kwamba kona inakuja.

Mzee Dira alikuwa anapofuka. Daktari wa macho katika mji waliopita kununua mtungi wa gesi alimweleza bila kuzunguka: ni presha ya macho, imekula pembeni na inasogea katikati. Kinachobaki ni kama kuitazama dunia kupitia bomba. Kilichopotea hakirudi. Dawa ya matone itachelewesha tu kupotea kwa kilichosalia, na kuendesha gari aache siku hiyo hiyo. Mzee aliitikia kwa kichwa kwa adabu, akashukuru, akatoka nje. Mkewe alikuwa anamsubiri garini, anapepeta mchele kwenye ungo mapajani. Alimuuliza daktari amesema nini.

"Vumbi," alisema. "Kanipa matone."

Akawasha gari, wakaondoka.

Tangu hapo matone yalikaa kwenye friji, nyuma ya chupa ya maji, na friji ikawa kitu cha kwanza anachokishughulikia wakitia nanga. Kukiwa na joto hakuthubutu kuiacha jenereta ipumzike. Mkewe aliona ni wivu wa fundi kwa mashine yake, akamwacha. Barabara alizozijua alizipita kwa kumbukumbu, ambazo hakuzijua alizipita kwa milio. Mbele, ndani ya lile bomba, aliona vizuri, na mbele ndiko gari linakokwenda. Alijiambia hivyo kila asubuhi alipogeuza ufunguo.

Mtu anaweza kumlaumu, na ana haki. Lakini mzee alikuwa amekwisha kuiona picha ya maisha ya upande wa pili, na picha hiyo ilikuwa kiti. Kiti cha plastiki kwenye baraza la bintiye, kinachosogezwa na wengine kutoka juani kwenda kivulini, na yeye ndani yake. Aliposhika usukani alikuwa Mzee Dira. Akiuachia hakujua angekuwa nani, na hakuwa na hamu ya kufahamiana na mtu huyo.

Shida ilikuwa kurudi nyuma. Vioo vya pembeni vilikuwa vimebaki pambo kwake: akivigeukia aliona kipande cha anga, au kipande cha bati, na hakuweza kukiunganisha kipande hicho na kitu chochote. Basi akabuni utaratibu wao, akamwambia mkewe kwamba vioo vinatikisika mno siku hizi. Bibi Cherehani aliteremka, akasimama kwenye kona ya nyuma na kugonga bodi ya gari kwa kiganja. Gonga moja rudi, gonga mbili simama. Wengine kambini walielekezana kwa mikono na makelele, hadi ndoa zikatikisika. Hawa wawili waligonga tu, na gari likaingia mahali pake kama droo. Majirani walisema wanandoa hawa wamezoeana hadi wanazungumza kwa mabati.

Asubuhi ya siku iliyowaharibia, walikuwa wameegesha nje ya mji mdogo, nyuma ya kituo cha mafuta. Binti yao alipiga simu. Chumba cha mbele amekwisha kukipaka rangi, alisema, na kitanda kipo. Bibi Cherehani aliongea naye muda mrefu akiwa amesimama nje, kisha akaingia, akaketi kwenye ukingo wa kitanda na kumwambia mumewe kwamba anataka kwenda, na safari hii si kutembelea. Magoti yake hayataki tena ngazi. Anataka kuamka na kuukuta mti ule ule dirishani. Alizungumza taratibu, kama mtu aliyeyapanga maneno yake kwa siku nyingi.

Mzee alijibu vibaya. Alisema aliyechoka anaruhusiwa kuchoka, lakini asimchoshe mwenziwe. Alisema anajua ni nani anayemjaza maneno. Mkewe alipomuuliza ana nini siku hizi, mbona hata kutaniana hataki, alisema jambo ambalo baadaye lingerudiwa na watu wengi kuliko alivyotaka.

"Nenda kwa mwanao. Mimi nikilala na gari langu, sitasumbuliwa."

Waliondoka wamenuniana. Tangu jana yake taa nyekundu ya betri ilikuwa inawaka kwenye dashibodi. Alteneta ilikuwa imeacha kuchaji. Mzee Dira wa zamani angeifungua pale pale na kuitengeneza kabla chai haijapoa. Huyu wa sasa alikuwa amefungua boneti, akainama, akakuta giza tupu mahali palipokuwa na skrubu, na kuifunga tena. Aliomba gari lisizimike. Kilichomtisha zaidi ni kile kifaa cha GPS: betri yake ya ndani ilikwisha kufa zamani, kwa hiyo umeme wa gari ukikatika na ile sauti ingekatika. Ndipo akafanya kitu ambacho mwenye gari la kulala pekee angekifikiria. Aliiwasha jenereta kule nyuma kwenye kitako chake, akavuta waya hadi kwenye chaja, na chaja akaiunganisha na betri. Wakasafiri hivyo, jenereta inanguruma mgongoni kama mtoto anayelia.

Mkewe alivunja kimya mara moja tu, kusema kwamba hajapata kuona mtu anaendesha jenereta inayotembea. Mzee aliongeza mwendo.

Kambi waliyoifikia jua likiwa bado juu ilikuwa uwanja wa changarawe wenye miti michanga. Magari mengine yalikuwa yamekwisha kujipanga. Sauti mpole ilitangaza kwamba wamefika. Bibi Cherehani aliteremka, akachukua vile vipande vya mbao vinavyowekwa chini ya magurudumu ili gari likae sawa na friji ifanye kazi vizuri, akaenda nyuma.

Mzee alingoja. Angeizima jenereta kwanza, kama alivyofanya siku zote, lakini siku zote haikuwa inalisha kifaa, na kifaa kikizimika hakujua tena gari limeelekea wapi katika uwanja ule asioujua. Akaiacha. Njia mbovu ilikuwa imelegeza bolti moja ya kitako, na kitako kilikuwa kinayumba na kuligonga bati. Mzee akiwa mbele alisikia gonga moja: ngo. Aliweka gia ya nyuma. Ngo, ikasema tena baada ya kitambo. Alirudi taratibu. Aliangalia kwenye kioo, kwa mazoea, akiwa amekikazia macho.

Nyuma, mkewe alikuwa ameinama anaweka ubao. Alipoona gurudumu linamjia aligonga mbili. Akagonga tena mbili. Akagonga kwa viganja vyote na kuita, na jenereta ilinguruma karibu kabisa na kinywa chake, ikameza kila kitu.

Gari lilipanda kitu na kukwama. Mzee alidhani ni ubao.

Watu walikuja mbio kutoka pande zote. Muuguzi mstaafu aliyekuwa ameegesha upande wa pili alipiga magoti kwenye changarawe, akasema kwa ukali wa mtu aliyezoea kutiiwa kwamba gari lisogezwe mbele kidogo, kidogo sana, sasa hivi. Mzee alikuwa bado usukanini. Jamaa mwenye gari lenye bafu alifungua mlango, akamvuta bega na kukaa mahali pake. Mtu mwingine aliizima jenereta. Ndipo sauti ya Bibi Cherehani iliposikika, nyembamba, kana kwamba inatoka chumba cha jirani.

"Niligonga," alikuwa anasema. "Niligonga mimi."

Mfupa wa paja ulikuwa umevunjika na nyonga imepasuka. Hospitalini walimfunga, wakamning'inizia uzito mguuni, wakasema kutembea atatembea, lakini si kama zamani, na si leo wala kesho. Wodi ilikuwa ndefu, ina dirisha moja lenye wavu. Mzee alikaa kwenye benchi la korido, kofia mapajani. Wauguzi walipompita pembeni bila yeye kugeuza kichwa, walidhani ni majonzi.

Binti yao, karani wa posta, alifika na nguo zake za kazini. Aliingia kwa mama yake, akakaa humo muda, akatoka. Hakuketi. Alimuuliza baba yake kilichotokea, na baba akaeleza habari za bolti na jenereta, kwamba kelele zilikuwa nyingi na kitako kilikuwa kinagonga. Yote yalikuwa kweli. Binti alimsikiliza hadi mwisho.

"Mama anasema kulikuwa na kioo," alisema. "Anasema aliuona uso wako ndani ya kioo, Baba. Ulikuwa unamtazama. Ulimtazama machoni na ukaendelea kurudi."

Mzee aliigeuza kofia mapajani.

"Amenieleza na maneno uliyomwambia asubuhi," binti aliongeza. "Nimemwambia haiwezekani. Nimemwambia si Baba. Sasa niambie wewe."

Hapo ndipo mzee alipokuwa amefikishwa. Akinyamaza, atakuwa mtu aliyemkanyaga mkewe kwa hasira, lakini leseni itabaki mfukoni na gari litabaki lake. Akisema kweli, atasafika na hilo, ila usukani ndio kwaheri. Alimwomba binti muda. Usiku na mchana uliofuata alizunguka na fikra hizo mbili, na kila alipopima aliona upande mmoja tu wenye uzito. Mke wake amelala kule ndani anaamini kwamba mtu aliyelala naye kitanda kimoja maisha yote alitaka kumuua. Hilo halikuvumilika. Akiujua ukweli, alijiambia, atalia, atakasirika, kisha atanyoosha mkono. Kwa mara ya kwanza tangu siku ya daktari alihisi kitu kama nafuu.

Wakati wa kutazama wagonjwa ulipofika aliingia wodini. Binti alisimama miguuni mwa kitanda. Mzee alipapasa hadi akaipata stuli, akaketi, akaanza mwenyewe. Alimwambia kila kitu. Alieleza habari za daktari na matone, na bomba, na milio ile yote aliyoiweka barabarani, kwa nini aliiweka. Alisema katika kioo kile hakumwona. Aliona anga, na mwanga mweupe.

 Bibi Cherehani alinyanyua mkono, akausogeza taratibu pembeni mwa uso wa mumewe, karibu na sikio. Mzee hakupepesa. Binti aliyeona alijifunika mdomo.

"Tangu lini?" mkewe aliuliza.

"Tangu mji ule wa gesi."

Alikuwa anahesabu, ungeweza kumwona anahesabu safari moja baada ya nyingine.

"Kabla hatujapanda mlima na mjukuu?"

"Kabla."

"Alikuwa amelala nyuma, mtoto. Nilimfunika shuka. Upande wangu ulikuwa korongo tupu, na wewe ulikuwa unapiga mluzi."

Mzee alisema alikuwa anaijua njia ile. Alisema alikuwa na alama kila mahali. Mkewe alimwacha amalize.

"Mimi nimelala hapa nikijiambia, ni hasira," alisema. "Nikasema, mtu hupandwa na hasira, ikashuka, akawa mtu tena. Nilikuwa nimeshaanza kukusamehe, mzee. Sasa unaniambia haikuwa hasira. Ulikuwa umetulia. Uliamka kila siku, ukanywa chai yangu, ukanipakia kama mzigo ukijua. Hili nalisamehe vipi?"

Mzee alitafuta mkono wa mkewe juu ya shuka. Alipoupata ulikuwa baridi, na haukumrudishia chochote. Baadaye kidogo ukaondoka.

Mkwewe, mume wa binti, ndiye aliyelileta gari hadi nyumbani kwao. Aliliegesha uani, limebanana na ua wa bati, kiasi kwamba mlango wa ubavuni hufunguka nusu. Bibi Cherehani aliporuhusiwa kutoka alipelekwa chumba cha mbele kilichopakwa rangi. Mzee hakuambiwa alale wapi. Siku ya kwanza alilala garini kwa kuwa vitu vyake vilikuwa humo, na siku ya pili hakuna aliyemwambia aache. Chakula kililetwa kwenye sahani iliyofunikwa. Mkewe alipotaka kumjulisha kitu, alimwambia binti, na binti akavuka ua.

Hakukuwa na ugomvi. Kama kungekuwa na ugomvi angejua pa kuanzia. Asubuhi aliingia kumjulia mkewe hali, naye akamjibu kwamba hajambo, kwa sauti ile ile ambayo angemjibia mtu asiyemjua kwenye foleni ya posta. Kisha mzee aliinuka na kushika ukuta hadi mlangoni. Macho yalizidi kufunga. Matone aliendelea kutia kwa muda, kisha siku moja akasahau, siku iliyofuata akakumbuka na asitie.

Jamaa mwenye gari lenye bafu alipiga simu kutoka kambi ya mbali. Hakuuliza habari za mguu. Pengine hakujua jinsi ya kuuliza. Alisema jenereta yake inamtoa roho, akaweka simu karibu nayo. Mzee alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akafumba macho na kusikiliza.

"Kabureta," alisema.

Jamaa alicheka kwa furaha, akasema hakuna kama Dira, kila mtu huku anamuulizia, anarudi lini? Kuna barabara mpya imefunguliwa kule kusini, inahitaji alama. Mzee alisema gari lina matatizo madogo madogo. Akimaliza kulitengeneza ataonekana.

Mchana mmoja wa joto kali umeme ulikatika mtaa mzima. Feni ya chumba cha mbele ilisimama. Kupitia dirisha lililo wazi mzee alisikia mkewe anajigeuza kwa shida kitandani, na kwa mguu uliofungwa hakuwa hata na namna ya kujisogeza kwenye upepo. Alitoka garini. Kitako alikuwa amekikaza mwenyewe kwa kupapasa, bolti baada ya bolti. Aliifungua jenereta, akaiteremsha chini, akaivuta hadi mbali na dirisha ili moshi usiingie ndani, akanyoosha waya ukutani, akampa binti ncha yake aichomeke kwenye feni. Alivuta kamba. Iliwaka mara moja, laini, haikohoi wala haipandi na kushuka. Ilikuwa mashine nzima kabisa. Ndani feni ilianza kuzunguka. Mzee alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akatega sikio, na kwa muda mfupi uso wake ulikuwa uso wa mtu anayefanya kazi yake.

Binti alitoka barazani. Alivuka ua, akasimama mbele yake kabisa, mahali ambapo angeweza kumwona.

"Baba," alisema, akilazimika kupaza sauti. "Mama anaomba uizime."

"Na feni?"

"Anasema sauti hiyo hawezi. Anasema afadhali joto."

Mzee alinyoosha mkono, akaizima. Alibaki ameketi, uso ameuelekeza dirishani, kana kwamba kulikuwa na maneno mengine yanayokuja. Binti alingoja pia. Kisha akachomoa waya, akaukunja kutoka kiganja hadi kiwiko, akauweka ndani ya gari na kuusukuma mlango hadi ukafungika.